Pembe ya NyaSoko

Mwaka wa saba tangu mume wangu, Zakeyo, aende kuchimba dhahabu Joni, mbali kusini, ili tupate kodi ya boma la serikali, na barua hakuna. Wanaume wanaopotelea huko sisi watu wa Mzimba tunawaita machona. Mimi neno hilo sikulitamka. Nikisonga nsima nilimwekea tonge lake, halafu nikalila mwenyewe kwa hasira.

Kijiji kilishakata shauri: mama yake, NyaSoko, ndiye aliyemla kwa uchawi. Zamani angenyweshwa mwavi, sumu ya kupimia wachawi; akitapika, si mchawi, yamekwisha. Serikali ikaupiga marufuku mwavi, ikaenda zake, ikatuachia maneno. Kisimani wanawake walimsubiri ateke peke yake.

Mwaka ule wa nzige wakaja vijana wa mchape, wasafisha uchawi, suruali zimenyooshwa, mkononi chupa za dawa nyekundu. Sharti lao moja: kila mtu atoe pembe zake zote za dawa, njema na mbaya, zichomwe, ndipo anywe. Anayeficha akinywa, atavimba afe.

NyaSoko alikuwa na pembe ya swala kwenye nyasi za paa la jikoni. Ndani yake kulikuwa na kitovu cha Zakeyo kilichokauka. Kila mwezi ulipoandama aliishika, akamwita mwanawe kwa jina. Nami, sioni haya kusema, nilisimama nje ya ukuta nikiitikia, "Rudi."

Foleni ilipokaribia chupa, nikamnong'oneza, "Mama, itoe."

"Nitoe nini? Nimtoe mwanangu?"

"Ukinywa nayo utakufa!"

"Na nife. Njia yake imo mle, NyaKumwenda. Ikiungua atapita wapi?"

Nyuma yetu NyaMbale, jirani, akaangua kicheko. "Songa, bibi! Au tumbo limejaa nyama za watu?"

NyaSoko akapiga hatua mbele. Nilikwisha kumpoteza mmoja. Kabla zamu yake haijafika nikakimbia nyumbani, nikaichomoa ile pembe, nikarudi nikaitupa miguuni mwa wale vijana.

"Ya mama mkwe wangu hii! Sasa mpeni anywe."

Wakaitia motoni pamoja na nyingine. Akanywa, hakuvimba. Vigelegele vikapigwa, na NyaMbale yule yule akamkumbatia. "Umetakata, dada. Kesho nakuja tutwange pamoja." Watu wana nyuso kavu, jamani.

Jioni NyaSoko alikuja kuketi karibu yangu jikoni. Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari hata kwa kofi.

"Umeniponya," alisema. "Sikulaumu."

"Ahsante, mama."

Akachochea moto kwa kijiti, kisha akasema, "Wewe bado kijana. Olewa."

Nilitaka kumwambia ile ilikuwa pembe tu, kwamba kutoka Joni kuna barabara na treni, mtu hurudi kwa miguu yake.  Lakini pembe ile mimi niliiamini kuliko alivyoiamini yeye.