Joto la Mwenye Kupima

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za magari, na upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani.

Profesa alifika maabara kabla ya wenzake. Hakuwa profesa wa chochote. Walimpachika jina hilo kwa utani, kwa kuwa, pamoja na miaka yake hamsini na miwili, bado alikuwa akibeba daftari kwenda masomo ya jioni. Leo alisali wima, hata koti hajavua. Maneno ya mwalimu wa jana yalikuwa yamemnyima usingizi: "Metali inayong'aa ni kioo cha joto. Ukiipima kwa kamera ya joto bila kuipaka rangi nyeusi, utapima kilicho mbele yake."

Wiki tatu nyuma yeye ndiye aliyepima aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, ya vishikio vya majukwaa, yale yanayoning'inia nje ya maghorofa. Alisugua kila kipande mpaka kikameremeta, akakibana kwenye mashine ya kuvuta, akaitazama kamera ya joto. Aloi mbovu huvutika kwa mishtuko: mstari wa joto huchomoza hapa, ukazimika, ukachomoza pale, kisha metali ikakatika bila kuaga. Yeye hakuona mstari. Akatia sahihi.

Jukwaa mojawapo lilikwenda kwa wapaka rangi wa ghorofa la mtaa wa pili. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa mmoja wao.

Akaifungua picha ya siku ile. Joto lilikuwa limetulia tuli katikati ya kipande. Akasogeza macho. Lile doa lilikuwa na kichwa. Lilikuwa na sikio.

"Ee Mola," alinong'ona. "Nilijipima mwenyewe."

Mkuu wa maabara aliingia akipangusa miwani yake. "Profesa, umeona jini?"

"Afadhali angekuwa jini, mama. Tazama."

Mama yule alitazama, na utani ukamwisha mdomoni.

Profesa akapiga simu. "Shemeji, uko wapi?"

"Niko chini, tunasubiri ukungu upande ili na sisi tupande. Umenikumbuka leo? Au umefeli mtihani?"

"Nimefeli. Usipande jukwaa hilo."

"Mwambie msimamizi. Mimi nikimwambia, ananionyesha karatasi yenye sahihi yako."

Msimamizi aliposhika simu hakuzungusha maneno. "Niletee ushahidi. Ukungu ukitoka, kazi inaanza."

Kwenye droo kilibaki kipande kimoja cha aloi ile. Profesa alikipulizia rangi nyeusi isiyong'aa, akakipepea kwa daftari lake mpaka ikakauka, huku midomo ikisali. Mashine ikaanza kuvuta. Tik. Mstari mwekundu ulikatiza kipande kimshazari. Tik. Ukaruka juu. Tik. Ukaruka chini, na safari hii haukuondoka. Ulikaa pale pale ukizidi kuwaka, mpaka kipande kikakatika kwa kishindo.

Hapo ndipo alipoona kivuli chake ukutani. Jua lilikuwa limetoka.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akashika vipande viwili vilivyokuwa bado na uvuguvugu, akatoka mbio, mkuu wake nyuma yake viatu mkononi. Mtaa wa pili, jukwaa lilikuwa limefika ghorofa ya tatu. Shemeji alikuwa juu yake na ndoo.

"Lishusheni!" Sauti ilimpasuka. "Polepole! Msilitikise!"

Msimamizi aliona vipande mkononi mwake, akabonyeza kitufe bila kuuliza. Jukwaa lilishuka likilia. Lilipogusa ardhi, mkuu alipitisha ukucha kwenye kishikio cha kushoto. Mistari ya mshazari ilikuwa imejichora juu ya metali, na mmoja ulikuwa umeanza kufunguka.

Shemeji akaweka ndoo chini. "Karatasi yako, shemeji," alisema. "Mimi niliiamini kuliko kamba."

"Yalitoka majukwaa kumi na mawili," mkuu alisema taratibu. "Hili ni moja."

Wote wakainua macho. Anga ilikuwa nyeupe, safi, na kote mjini kazi zilikuwa zimeanza.

Profesa akavua kofia mbele ya wapaka rangi, msimamizi na mkuu wake. "Mungu ananisikia, na ninyi mnanisikia. Nitayafuata yote kumi na moja leo hii, na kila mahali nitasema kosa ni langu. Sitatia sahihi karatasi nyingine mpaka la mwisho liguse ardhi."