Mawe Kwenye Foleni ya Kitambaa

Alfajiri ya Jumatano moja, mwaka 1984, Xaveria alifika kwenye duka la ushirika la Babati akiwa na jiwe jeusi kichwani. Alilitua kwenye foleni nyuma ya mawe ishirini na mawili, kisha akarudi Nangara kupalilia mahindi. Ndivyo watu walivyofanya. Bidhaa zilikuwa adimu na shamba halingoji, kwa hiyo jiwe lilishika nafasi ya mtu mpaka duka lifunguliwe.

Safari hii lilikuwa limekuja jora moja la kitambaa cha bluu cha sare. Xaveria alikuwa darasa la tano. Sketi yake ilikuwa imechakaa hadi haishiki uzi tena, na mwalimu Egidius alishasema kwamba Jumatatu, shule itakapofunguliwa, asiye na sare nzima atafutwa jina.

Aliporudi saa nne, jiwe lake lilikuwa la mwisho. Mawe ya Babati yalitembea. Ya wakulima wa Nangara, Nakwa na Mutuka yalirudi nyuma polepole, yakiburuza matumbo, na ya wake wa maofisa yalipita pembeni kwenda mlangoni. Lililotangulia siku zote lilikuwa jiwe dogo jeupe la Mama Ursula, mke wa ofisa wa serikali. Njia za mawe hayo zilionekana kwenye vumbi, na watu walizikanyaga bila kuziangalia.

"Meneja, mbona ya kwetu yanarudi?" Mama Leonsi, mkulima wa Mutuka, alimuuliza Kasimiri aliyesimamia duka. Aliuliza kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Jeupe ni jepesi, lina bidii," Kasimiri alijibu. "Haya yenu ni mazito, yamezoea kulala shambani. Halafu wote mkiwa mbele, nyuma atakaa nani? Hata vidole vya mkono havilingani."

"Havilingani, lakini kwenye ugali vinaingia vyote. Sijaona kidole gumba kikiambiwa kisubiri nje."

Watu wakacheka. Kasimiri naye akacheka, akafunga dirisha. Siku hiyo kitambaa hakikuuzwa; kikangoja Ijumaa.

Xaveria alikuwa msichana wa haya, aliyezoea kuongea akitazama vidole vya miguu yake. Lakini neno bidii lilimkaa kooni, maana jiwe lile alilibeba kwa shingo kutoka Nangara. Alhamisi akalibeba tena hadi nyumbani kwa Mama Ursula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba tubadilishane mawe."

Mama Ursula alicheka kwa upole. "Chukua tu. Jiwe ni jiwe."

Ijumaa Xaveria alifika wa kwanza, akaliweka jeupe mlangoni kabisa. Jeusi lililetwa saa tatu na mfanyakazi wa Mama Ursula, likawekwa mkiani. Safari hii Xaveria hakwenda kupalilia. Alibaki anatazama.

Jua lilipopanda, jeupe liligeuka, likaanza kurudi nyuma, likiyapita mawe mengine moja moja. Xaveria aliweka mguu juu yake. Jiwe likaenda na mguu. Upande wa pili lile jeusi lilipita pembeni, bila haraka, mpaka mlangoni.

"Meneja," Xaveria alisema, na watu wakageuka kwa sababu hawakuwahi kusikia sauti yake. "Jeupe si ndilo lenye bidii?"

Kasimiri aliyatazama mawe yote mawili. "Jeusi lina uzito," alisema. "Mbele panataka uzito."

"Juzi ulisema..."

"Juzi ilikuwa juzi." Akamgeukia Mama Ursula, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika. "Karibu, mama. Mita ngapi?"

"Nane. Ursula anahitaji sketi mbili, na mapazia ya sebuleni yamepauka."

Jora liliisha kwa mtu wa sita.

"Haya, mapazia yakasome darasa la tano," Mama Leonsi alisema, akaliokota jiwe lake, akaenda kulipanga kwenye foleni ya sabuni.

Jumatatu Xaveria alisimama nje ya dirisha la darasa. Mwalimu Egidius alifungua daftari la mahudhurio, akaweka rula, akachora mstari juu ya jina lake. Ulikuwa mstari ulionyooka vizuri. Ukutani nyuma ya mwalimu yalikuwa yamebandikwa matokeo ya muhula uliopita: Xaveria alikuwa wa pili.

"Shule inachuja," mwalimu aliwaambia waliobaki. "Wanaobaki ndio wenye akili."

"Ndiyo, mwalimu," darasa likaitikia.