Baba Mkwe Katika Filamu Ndefu

Jumamosi asubuhi, mvua ya Tukuyu ikinyesha kama kawaida yake, Tulia alipangusa vumbi kwenye kioo cha skana akailaza negativu, filamu ya picha ya zamani. Ilikuwa ndefu kupita kidirisha cha taa, hivyo ingebidi aichukue vipande vitatu, kisha aviunganishe kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilimlisha hapo Bulyaga tangu kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia. Watu walimletea negativu pana za mraba, harusi na vipaimara vya zamani vilivyopigwa picha na marehemu Abdulkarimu, mpiga picha wa mji, naye aliwarudishia sura za ndugu zao.

Lakini hii ndefu ilikuwa ya nyumbani. Ilionyesha ukoo mzima wa mumewe, Asajile, umejipanga shambani Kyimo mwaka wa uhuru, na katikati mzee Meshaki, baba mkwe wake, ana jembe begani. Shamba hilo sasa mwekezaji alikuwa amelipanda chai, akidai alilikuta pori. Jumatatu baraza la ardhi lingetaka ushahidi, na ushahidi ulikuwa huo tu.

Tulia akaskani kipande cha kati. Mzee hakuwepo, alikuwa amehamia kushoto. Akaskani kushoto, mzee akawa kulia, amejibanza nyuma ya mgomba. Tulia hakushangaa. Kwa Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani, na Meshaki alikuwa mtu wa adabu zake. Miaka yote ya ndoa Tulia hakuwahi kumwona uso. Kufa hakukumbadilisha tabia.

“Baba Esnath,” alimwita mumewe, “mzee ananikimbia. Njoo ubonyeze wewe, mimi natoka.”

Asajile alikuwa hajui kompyuta hata kidogo. Tulia akasimama nje kwenye migomba, kanga kichwani, akimwelekeza kupitia dirishani: bonyeza pale, ngoja taa ipite, sasa sogeza. Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Walipoelezwa wakasema mzee yule ndivyo alivyokuwa. Meshaki akatulia katikati, jembe begani. Kuunganisha nako ikabidi Asajile afanye mwenyewe, maana Tulia akitazama tu mzee angekimbia tena, na aliunganisha kama mtu anayeshona gunia. Mshono ulipita waziwazi katikati ya shamba.

Jumatatu mwenyekiti wa baraza aliisifu sana picha, akauliza kama wangeweza kumsafishia na ya babu yake. Kisha akaugusa mshono kwa kidole, akasema picha ya kuunga si ushahidi. Mwekezaji akabaki na chai yake. Tulia alilia kwa hasira njia nzima, maana mshono ule yeye angeufuta kwa dakika moja.

Picha wakaitundika sebuleni. Siku hizi Tulia hukohoa kwanza mlangoni, mzee apate nafasi ya kuzunguka nyuma ya migomba. Akiingia, mara nyingi hukuta pale aliposimama mzee pameachwa mkungu wa ndizi, umande haujakauka. Huushusha, akamenya, akapika na maharage, na nyumba nzima hula kwa furaha ndizi za shamba ambalo, kwa mujibu wa hukumu, hawakuwahi kulilima.