Mkono wa Kuazima

Mpishi wa keki hakukipenda kile kidude tangu siku ya kwanza. Kilibandikwa nyuma ya mkono wake, kikapima sukari ya mwili kutwa kucha na kupeleka habari kwenye simu ya bintiye, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Akilamba krimu kidogo tu, simu inalia: baba, umekula nini? Mtu mzima na mvi zake anahojiwa kama mtoto aliyefumaniwa kabatini. Na ataachaje kuonja? Keki isiyoonjwa humfukuza mteja.

Basi siku ya kubandika kipya alimbembeleza mkewe akivae yeye. Mkewe hakuwa na ugonjwa wowote, ila siku hizi alichoka mapema, na mumewe hakuchoka kumtania kwa hilo. Mama wa watu alicheka, akanyoosha mkono.

Mpishi akaonja krimu kwa raha zake. Kesho yake asubuhi binti akapiga simu, na safari hii hakugomba. Alikuwa akilia. Sukari ilikuwa juu kuliko siku zote, usiku kucha haikushuka. Ameshazungumza na daktari, na daktari anataka kuongeza dawa.

Mpishi akageuka. Mkewe alikuwa ameegemea meza ya unga, akimalizia bilauri nyingine ya maji. Hakuwa amelamba hata kijiko.

Angeweza kunyamaza. Akibandue tu, abandike kingine mkononi mwake, na heshima yake ibaki pale pale. Wazo hilo lilimjia kweli, na ndilo lililomtia aibu kuliko uwongo wenyewe.

"Mwanangu, hiyo si sukari yangu," alisema. "Ni ya mama yako. Nilimvalisha ili nikudanganye."

Mpishi alingoja asemwe, tena alitamani asemwe mpaka basi. Lakini binti aliomba tu kuzungumza na mama yake.

Mkewe alikuwa amesikia yote. Alifuta mikono kwa aproni, akaipokea simu, akaiweka sikioni.

"Usimgombeze baba yako," alisema. "Mimi ndiye niliyetaka kukijaribu."

Mpishi alisimama na kijiko chake cha krimu, asijue pa kuuficha uso.