Ubishi wa Mguu na Chuma

Haya yote ni kweli. Kama kuna hata neno moja la uongo ndani yake, basi ng'ombe wote wa Kajiado waanze kutaga mayai, na mimi niwe wa kwanza kuyaokota. Naapa mapema kwa sababu watu wa Kitengela wamenizoea vibaya. Nikisema kumekucha, wanatoka nje kuangalia jua.

Jina langu Wanjala. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji upande wa Athi River mpaka wakanistaafisha. Ploti yangu ya Kitengela niliinunua mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati hapa palikuwa na nyasi, upepo, na wanyama wa mbuga waliopita bila kuuliza ni ya nani. Kazini nilienda kwa baiskeli nyeusi, ile nzito tunayoiita Mamba, isiyo na gia wala huruma. Asubuhi moja nyumbu walikuwa wanahama wakanizingira, na kwa vile usukani wa Mamba umepinda kama pembe, wakanichukua kuwa mwenzao. Tulikwenda pamoja mpaka karibu na Isinya, ndipo aliyekuwa mbele akageuka na kuona nimevaa viatu. Kazini nikaandikwa nimechelewa. Hiyo nayo ni kweli.

Marehemu mke wangu, Mbeke, aliisikiliza hadithi hiyo kila mara kama mpya. Alikuwa akicheka palepale, kwenye viatu. Alipofariki, mwaka wa 2005, mwanangu Wamalwa alikuja kutoka Doha anakofanya kazi, akamzika mama yake, na kabla ya kurudi akaenda Nairobi, akaniletea baiskeli ya milima. Nyekundu. Gia nyingi kuliko meno yangu, springi mbele, breki za kugusa kwa kidole.

"Baba," akasema, "hii itakuweka bize."

Kisha akapanda ndege.

Sikuipanda. Niliiegemeza sebuleni, ukutani palipokuwa na kiti cha Mbeke. Jioni nikirudi nilikuwa nabisha hodi kwa mazoea, hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, na kile kitu chekundu kikinitazama. Nilipika ugali wa watu wawili kwa sababu mkono haukujua kipimo kingine. Uliobaki walikula kuku wa jirani, na wao hawana shukrani.

Kwa hiyo kila alasiri nilikwenda kwa Zakariye. Zakariye ni mtu wa Garissa, ana duka kando ya barabara ya Namanga, na siku za soko hupeleka pikapu yake Kajiado kununua mbuzi. Mbele ya duka kuna benchi, na chai ya maziwa yenye iliki. Pale ndipo nilikuwa mtu. Nyumbani sikuwa na wa kumwambia hata kwamba maziwa yamechacha. Kwenye benchi nilikuwa na masikio, yawe yaliniamini au hayakuniamini.

Ubishi ulianzishwa na Lemayian. Huyu ni mchanjaji wa mifugo, mwanaume mzima mwenye mke, kwao ni nyuma ya mlima kule Kajiado. Alituambia amewaona watu wa Nairobi wamekuja na baiskeli za milima, wanapanda mawe ambayo hata mbuzi hufikiria mara mbili. Akasema siri ni chuma. Mpe mtu yeyote baiskeli kama hizo, hata nyanya yake, atafika kileleni akiimba.

Nikamwambia siri ni mguu. Mtu akiwa anajua kuendesha, mpe hata mlango wenye magurudumu. Nikaendelea, mtu ni mtu na chuma ni chuma, na hakuna kitu cha kununuliwa dukani kinachoweza kukaa mahali pa mtu. Nadhani sauti yangu ilipanda kuliko ubishi wenyewe, maana wenzangu wote walianza kuangalia chai zao.

Zakariye akaweka birika chini. "Mzee Wanjala, ile nyekundu yako iko kwa nyumba inalala tu. Mpatie Lemayian. Wewe panda Mamba. Tuone."

Tukapatana. Tungeanzia soko la mifugo la Kajiado siku ya mnada, tuvuke mlima, tumalizie nyumbani kwa mama yake Lemayian upande wa pili. Hakuna barabara kule, ni mawe, vichaka na miiba. Zakariye angezunguka na pikapu atupokee. Lemayian akaweka sharti: kila baiskeli iende kama ilivyo, bila kuongezwa kitu, maana tunataka kujua ni mguu au ni chuma. Nikishinda, benchi zima litakubali habari ya nyumbu, bila kucheka, milele.

"Na ukishindwa," Zakariye akasema, "unanyamaza. Hakuna hadithi kwa benchi yangu mpaka mvua inyeshe. Chai utakunywa, mdomo utafunga."

Ilikuwa Oktoba, mawingu yamesimama juu ya Ngong kama ng'ombe wanaosubiri kufunguliwa. Nikaona hiyo ni adhabu ya siku chache, nikampa mkono. Lakini nikitembea kwenda nyumbani nikaanza kuogopa. Bila hadithi, ningekuwa nani pale kwenye benchi? Mzee mwenye kikombe. Na kimya nilikuwa nacho cha kutosha nyumbani, sikuhitaji kingine cha kwa Zakariye. Asubuhi yake nikaenda kumwomba ngozi ya mbuzi, nikamwambia kiti changu kimekuwa kigumu, nataka ya kukalia. Akanipa bila maswali.

Siku ya mnada tulipakia baiskeli kwenye pikapu. Pale sokoni Lemayian aliruka juu ya ile nyekundu, gia zikalia kama panzi, na kabla sijafunga kamba ya kiatu alikuwa amekuwa vumbi. Watu wa mnada wakanionea huruma. Mmoja akaniuliza kama nimetumwa maji.

Nikaondoka polepole. Mlima ule unaanza kwa upole halafu unabadilika tabia. Nilikanyaga pedeli nikiwa nimesimama, uzito wangu wote juu ya mguu mmoja kisha mwingine. Palipokataa kabisa nilishuka nikasukuma, nikapanda tena. Sauti za soko zikapungua mpaka zikaisha. Ukame ulikuwa umemaliza nyasi, na hakukuwa na mchungaji wala kengele ya ng'ombe. Nilisikia cheni yangu, na pumzi yangu, na tena cheni.

Karibu na kilele nikamkuta Lemayian ameketi juu ya jiwe, gurudumu la mbele magotini, tyubu mkononi. Alikuwa ameziba pancha mpaka gundi ikamwishia. Tairi zile laini za Nairobi zilikuwa zimejaa miiba ya migunga kama nungunungu aliyegeuzwa ndani nje. Nikamsalimia kwa Kimaa, "supa", akaitikia "ipa" bila kuinua kichwa, nikapita.

Juu kabisa nikasimama. Ningependa kusema nilifurahi. Mbele yangu hapakuwa na mtu, nyuma yangu hapakuwa na mtu, na mbuga ilikwenda mpaka macho yakachoka. Nikasema kwa sauti, "Mbeke, mimi ndiye wa kwanza." Upepo ukaendelea na shughuli zake. Ushindi ni kitu kidogo sana ukiwa nao peke yako juu ya mlima. Nikakaa pale kidogo, karibu nimngoje Lemayian, halafu nikakumbuka benchi, nikashuka. Breki za Mamba zilikata tamaa katikati ya mteremko, nikamalizia na soli za viatu. Moshi ulitoka. Usiniulize, ulitoka.

Mama yake Lemayian, Seleyian, alikuwa peke yake bomani na mbwa zake. Wengine wote walikuwa wamehamisha ng'ombe upande wa Entarara kutafuta majani. Akanitazama, akatazama njia.

"Baba Wamalwa, uko peke yako?"

Nikamwambia ndiyo. Akanipa chai ya rangi, akaomba radhi kwamba hakuna maziwa. Tukakaa kivulini. Akaniuliza kama Wamalwa hupiga simu, nikasema hupiga. Sikusema kwamba simu yenyewe huwa fupi kuliko salamu zake.

Zakariye akafika na pikapu imejaa mbuzi. Baada ya muda mrefu akaja Lemayian kwa miguu, amebeba baiskeli ya mwanangu begani kama ndama mgonjwa. Basi nikasimama. Nilikuwa nimeitunga hotuba yangu tangu mlimani. Nikawaeleza kwamba mwendeshaji wa kweli huusoma mwiba kabla mwiba haujamsoma yeye. Kwamba nimepita katikati ya miiba kwa macho na kiuno tu. Kwamba Mamba haina springi kwa sababu springi ni magoti yangu. Lemayian alinyoosha mkono akakubali, mguu umeshinda chuma. Zakariye naye akasema, sawa, nyumbu walikuhesabu mwenzao. Wallahi walisema hivyo. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, mimi nilikuwa mtu mkweli kuliko wote katika wilaya ya Kajiado.

Kisha mbwa wakaja.

Walikuwa wamekonda kwa ukame, mbavu zao ungezihesabu kutoka barabarani. Wa kwanza alinusa gurudumu la nyuma la Mamba akatikisa mkia. Wa pili akalamba. Nikawafukuza, nikasema wanapenda grisi. Hawakuondoka. Tairi zangu zilikuwa kuukuu, zimepasuka pembeni, na jua la mlimani lilikuwa limezipasha vizuri. Yule mkubwa akang'ata mpasuko, akavuta, na kitu kirefu kikaanza kutoka ndani ya tairi, chenye manyoya meupe upande mmoja na mafuta upande mwingine. Mwenzake akashika ncha ya pili. Wakaanza kuvutana mbele ya wageni.

Zakariye akainama.

"Mzee. Hii si ngozi nilikupatia ya kukalia?"

"Naikalia," nikasema. "Kwa baiskeli."

Seleyian alicheka mpaka shanga zake zikalia. Akasema kwa Kimaa kitu ambacho Lemayian alitafsiri kwa uchungu kidogo: hata mtoto anajua ngozi hukaushwa kwanza mpaka iwe ubao, ndipo mtu anaitumia. Mimi Mbukusu wa kiwandani nilikuwa na haraka. Niliipanga mbichi, kati ya tairi na tyubu, nikadhani miiba ndiyo adui pekee niliye naye.

Nikajitetea. Nikasema ngozi haikujiweka yenyewe. Aliyeifikiria ni mtu, na kufikiria nako ni ujuzi wa mwendeshaji, kwa hiyo bado mtu ameshinda chuma. Mpaka leo naona hoja hiyo ni nzuri.

"Ni nzuri," Lemayian akasema. "Lakini ulisema ni macho na kiuno."

"Umefika wa kwanza, Mzee," Zakariye akamalizia. "Kushinda hujashinda."

Tulirudi Kitengela nyuma ya pikapu, mimi na mbuzi na baiskeli mbili zisizo na upepo. Mawingu ya Ngong yalikuwa bado yapo. Kesho yake yalipungua. Wiki iliyofuata yaliondoka kabisa, kama wageni waliosikia hakuna chakula. Mwaka ule mvua za vuli zilitukataa, kila mtu anakumbuka. Novemba ikapita, Desemba ikapita. Wengine waliombea mvua kwa ajili ya ng'ombe wao. Mimi niliombea mdomo wangu.

Nililipa. Kila alasiri nilikwenda, nikaketi mwisho wa benchi, nikapokea chai, nikashukuru kwa kichwa. Siku za kwanza walinichokoza, wakinipa mwanzo wa hadithi waone kama nitaimalizia. Baadaye wakazoea. Nafikiri hicho ndicho kilichoniuma, walivyozoea. Watu wakawa wanazungumza kunipita, kama mtu anavyozungumza kupita nguzo.

Januari alisimama dereva wa lori kutoka Namanga, mtu wa maneno mengi, akauliza kama ni kweli kulikuwa na mashindano ya baiskeli kule mlimani. Lemayian akamsimulia. Alisimulia vibaya. Mbwa aliwaleta mapema mno, hotuba yangu akaisahau, na kuhusu mlima wenyewe akasema mzee alisukuma baiskeli njia nzima, kutoka sokoni hadi juu, hakukanyaga pedeli hata mara moja.

Dereva akacheka, akanigeukia. "Ni kweli, Mzee? Ulisukuma tu?"

Benchi lote likaniangalia. Zakariye alikuwa amesimama mlangoni na birika, naye ananiangalia. Nikafungua mdomo. Juu ya barabara ya Namanga hakukuwa na wingu hata la kufuta jasho.

Nikaujaza mdomo chai, nikatikisa kichwa kukubali.