Beseni Chini ya Ua

Tone moja liliangukia ndani ya beseni kutoka kwenye chungu cha ua, tii, kabla jogoo hajawika. Bibi Adelgunda alilisikia akiwa kitandani, akashukuru. Beseni lilikuwa halijakauka.

Juu ya beseni palikuwa na ua la Celestina, mkwewe. Celestina aliliacha hapa Nyakasimbi alipohamia Bukoba, mwaka ule mumewe, Novatus, mwana wa Bibi, alipozikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Tangu hapo huja kila baada ya miezi miwili, kuliangalia ua. Bibi hakuwahi kumuuliza kama angekuja pasipo ua. Yapo maswali hayaulizwi.

Kiangazi hiki hewa ilikauka hata ncha za majani zikawa rangi ya tumbaku. Bibi alizidisha maji, ua likazidi kunyong'onyea. Akaona alivundike, lipate unyevu. Akalifunika kwa majani ya mgomba siku nne, kama ndizi za pombe ya rubisi. Alipofunua, lilikuwa la manjano.

"Limeiva," alisema jirani yake, Mukandekezi. "Tulikamue?"

"Utacheka baadaye. Jumamosi ya wiki ijayo Celestina anakuja."

Mukandekezi aliondoka, akarudi na vipande vya shina la mgomba, vizito kwa maji. Akavipanga ndani ya beseni, akaweka chungu cha ua juu yavyo.

"Mizizi isiguse maji. Livute unyevu wa hewani tu."

Kila asubuhi alileta vipande vipya. Alisema anapita tu kwenda kisimani. Kisima kiko upande wa pili.

Jumamosi Celestina alishuka kwenye bodaboda kutoka Omurushaka, alikoshukia basi la Bukoba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Liangalie kwanza, ndipo tule."

Celestina aliinama. Katikati ya majani ya manjano lilikuwa limechomoza jani moja bichi, limejiviringa. 

"Mama, huku linateseka na ukavu. Bukoba kuna unyevu wa ziwa. Niende nalo?"

Bibi alikwenda kibanjani, akakata jani pana la mgomba. Akaliviringishia ua taratibu, lisipigwe na upepo wa njiani, akalifunga kwa kamba ya mgomba. Akampa.

"Na beseni?" Celestina aliuliza.

"Beseni linabaki," alisema Bibi. "Uje uliangalie."