Kikombe cha Pili cha Nevio

Uligeuza uso. Usinikatalie, nilikuwa hatua kumi nyuma yako. Alhamisi iliyopita, siku ya soko, Fosca alikuwa anamsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu, wanapita mbele ya kibanda cha jibini. Na wewe, uliyewahi kumbeba mtu huyo mabegani kutoka uwanjani hadi mlango wa kanisa, ghafla ukaona jibini ina mengi ya kuchunguzwa.

Huyo ni Nevio Scarpellato. Namba nne wa Virtus Valdarsa, kiungo aliyekimbia kwa niaba ya watu watatu, misimu kumi na mmoja, hadi tukapanda daraja la kwanza. Leo hawezi kuinua kijiko. Misuli yake inakufa mmoja mmoja, na ya kupumulia imeanza kuchoka. Kabla yake alikufa kipa wetu, kisha beki wa kati, kisha winga wa kushoto. Chumba kimoja cha kubadilishia nguo, ugonjwa uleule. Nevio ana ombi moja tu: kabla hajafa, iandikwe kwenye karatasi ya serikali kwamba tulinyweshwa kitu. Mwendesha mashtaka anafunga jalada Ijumaa hii saa sita mchana. Anataka mashahidi wawili walioona kwa macho yao, mbali na mgonjwa mwenyewe.

Mimi nilikuwa beki wa kulia. Miaka ishirini nimepigia kelele jambo hili, mpaka mkaninyima salamu. Na miaka yote hiyo ishirini kuna kipande kimoja nilikuwa nakiruka.

Kila Jumapili, nusu saa kabla ya kipenga, Alcide, mchua misuli wa timu, alikuwa anapita na sinia la kahawa. Vikombe kumi na kimoja, vidogo kama vya kuchezea watoto. Alikuwa ameshadondosha humo matone yake, kutoka kwenye chupa ya kahawia isiyo na lebo. "Vitamini, wanangu. Kunyweni, msiulize maswali ya kitoto." Ukishakunywa, moyo unagonga mpaka kwenye meno, na usingizi huuoni hadi Jumanne.

Jumapili moja ya Oktoba tumbo lilikuwa limenivuruga. Nikamsogezea Nevio kikombe changu.

"Malizia, mi siwezi."

"Utaniua, Ermes," akacheka, akakibugia.

Tulishinda tatu bila.

Na mnajua sisi tulivyo. Ukishinda umeanza kuvaa soksi ya kushoto, utaanza na ya kushoto mpaka siku utakayofungwa. Kocha alivaa koti lilelile la sufi hadi Mei, ananuka kama beberu, na hakuna aliyethubutu kumwambia alivue. Basi Jumapili iliyofuata, kabla sijagusa kikombe, chumba kizima kikanirukia: "We! Usinywe! Mpe Nevio! Unataka kutuletea nuksi?"

Nikampa. Tukashinda tena. Mechi kumi na tisa hatukufungwa, na mechi kumi na tisa Nevio alikunywa vikombe viwili, mimi sikunywa hata kimoja. Nilifurahi. Nilikuwa nalala vizuri. Niliona mikono yake ikitetemeka anapofunga kamba za njumu, na bado nilikisukuma kile kikombe kwa kidole, kama mtu anayesogeza kete.

Leo nina miaka sabini na mbili, napanda ngazi za mnara wa kanisa bila kutweta. Na kila Jumapili mchana, saa ileile, nasikia kijiko kidogo kikikoroga kahawa jikoni kwangu. Naishi peke yangu. Nimeshatoa vikombe vyote nyumbani, nikagawa na vijiko. Bado kinakoroga.

Jumamosi ilikuwa karamu ya wazee wa timu, kwenye mkahawa wa kando ya mto. Wa chumba kile tulikuwa wanne tu: mimi, Loris, Dorino na Primo. Nikaiweka karatasi ya ushahidi katikati ya sahani za tortelli, tambi zilizojazwa boga.

"Ijumaa jalada linafungwa. Nataka mmoja wenu atie saini. Mmoja tu."

"Mtume wetu ameanza," Loris akasema, mdomo umejaa. "Kula kwanza, Ermes. Ukishiba utakuwa mtu."

"Ilikuwa kahawa, jamani," Dorino akadakia. "Mke wangu ananipikia mbaya kuliko ile kila asubuhi, na nipo."

Wakacheka wote.

"Nevio hatafika Krismasi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Hapo nikaona mikono mitatu ikishuka chini ya meza kwa pamoja, inapapasa mifuko kutafuta funguo, ili iguse chuma kuondoa mkosi, kama tunavyofanya gari la maiti likipita. Mtu yu hai, mitaa miwili tu kutoka pale, na wenzake wanajikinga naye.

Primo ndiye aliyeona haya. "Kaka, mjukuu wangu anachezea timu ya vijana ya klabu. Nielewe."

"Nakuelewa. Lakini nani alipiga kelele ya kwanza siku ile? 'Mpe Nevio.' Si wewe?"

"Na nani alimpa?" Loris akauliza.

Nikaikunja karatasi, nikainuka.

Nilikwenda kwa Nevio moja kwa moja. Alikuwa dirishani, Fosca anamlisha supu. Mapaja yake yalikuwa yanachezacheza yenyewe, nyama inaruka chini ya ngozi, kama inapasha moto kwa mechi ambayo hakuna aliyeitangaza. Nikayasema yote: tumbo, nuksi, ule usingizi mtamu.

Fosca akaweka bakuli chini. "Toka nyumbani kwangu." Hakupaza sauti.

Nevio akakoroma kitu. Ulimi umekuwa mzito, mkewe peke yake ndiye anayemwelewa, na safari hii alichelewa sana kunitafsiria.

"Anasema alijua kuna kitu, tangu mechi ya nne. Alikunywa kwa sababu mlikuwa mnashinda." Akampangusa kidevu. "Anasema ukaandike vikombe viwili, usiandike kimoja. Hayo ni yake. Mimi sijakusamehe, shemeji."

Jumatatu nikaandikisha ushahidi wangu kwa mwendesha mashtaka. Karani akainua kichwa. "Mzee, unajua unachotia saini? Wakili wa klabu atasema muuaji ni wewe."

"Aseme. Akisema hivyo, amekubali kwamba ndani ya kikombe kulikuwa na kitu."

Kwa hiyo sasa lipo jina moja, na yanatakiwa mawili. Chumba kile hakikuwa na wachezaji peke yao. Alikuwepo aliyefua jezi. Alikuwepo aliyeleta barafu. Alikuwepo mwandishi wa gazeti aliyeonja kikombe kwa mzaha na asilale siku mbili. Alikuwepo padri aliyebariki njumu zetu. Wengi mko hai, nawaona madukani, mnanikwepa.

Leo ni Jumatano. Ofisi ya mwendesha mashtaka iko ghorofa ya pili, juu ya posta, inafunguliwa saa tatu. Chukua kitambulisho chako. Acha kusoma, vaa koti, nenda.